Tulia, Nikupige

Mimi si mtu wa kutulia. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nilianza kutembea kabla sijamaliza kutambaa, na kwamba kanisani alinishika kwa shati tangu padre anaingia mpaka anatoka. Hata leo nikikaa kwenye kiti goti moja linacheza lenyewe. Na Mungu, kwa mzaha wake, akanipa kazi ya kuwaambia watu wengine watulie. Nyani haoni kundule. Kwa miaka mingi nilisimama nyuma ya kamera katika chumba kimoja pale Ngara mjini, jirani na soko, nikiwakaripia watu kwa kupepesa macho huku mguu wangu mwenyewe ukigongagonga sakafu.

Chumba kilikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege ya abiria ikipita juu yake. Kulikuwa na stuli, kioo, kopo la poda, kitana kilichofungwa kwa uzi ili kisiondoke na mteja, na koti la bluu ambalo nadhani nusu ya wanaume wa wilaya wamepigwa picha nalo. Nilikuwa nimelipasua mgongoni kwa ajili ya wanene, nikawa nalibana kwa pini kwa ajili ya wembamba. Mbele lilionekana limewakaa wote sawasawa. Watu walikuja kwa komunyo ya kwanza, kwa kipaimara, kwa harusi, kwa vitambulisho. Wasukuma waliohamia upande wa Biharamulo walikuja mara moja kwa mwaka, baada ya kuuza pamba, nao walikuwa na sharti moja tu: miguu ionekane. Mzee mmoja wa Nyabusozi alinirudishia picha kwa sababu nilimkata magotini, akaniuliza kama siku ile nilimwona akiingia dukani kwangu kwa kutambaa. Nilimpiga upya, toka kofia mpaka makubazi ya tairi.

Wote hao walikauka. Mtu aliingia akitaniana na mwenzake, akakaa kwenye stuli bado anacheka, nikainua kamera, na hapohapo uso ukafungwa. Mikono magotini, kidevu juu, pumzi ndani. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa. Picha ilikuwa jambo la heshima, na heshima haina meno nje. Nilikuwa na maneno yangu, yaleyale kwa kila mtu: kaa wima, kidevu juu, usipepese, tulia, nikupige.

Nilikuwa nayasema kwa Kiswahili, hata kwa vikongwe ambao Kiswahili chao kiliishia kwenye shikamoo na chumvi. Kamera nilifundishwa Mwanza, kwa Kiswahili, na sikuona namna ya kuishika kwa lugha nyingine. Siku nilipompiga mama yangu nilimwambia, "Mama, tulia, nikupige moja." Aliinuka kwenye stuli, akainama kidogo, akaniamkia, "Shikamoo, bwana mkubwa," kisha akaniuliza kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, ni lini nilimzaa yeye. Nilicheka, nikamwomba akae, nikafyatua. Katika picha ile anaonekana kama mtu anayesikiliza hukumu ya baraza la ardhi.

Kisha ukaja mwaka ule watu walipovuka daraja la Rusumo kukimbilia kwetu. Sitaeleza kuvuka kwenyewe, walioeleza ni wengi. Nitasema tu kwamba wilaya yetu ilipoteza usingizi. Malori yalipita mchana na usiku, vumbi likawa halitui kabisa, miti ya vilima vyote ikaisha kwa kuni, na kila mtu aliyekuwa na mikono alikuwa anakwenda kambini kwa wakimbizi kuuza kitu au kutafuta kazi. Mimi pia nilikuwa nakwenda, bila sababu, kwa vile tu siwezi kusikia watu wanakwenda mahali nikabaki nimekaa.

Barabarani viliwekwa vizuizi. Mgambo walioletwa kutoka mbali hawakuweza kututofautisha, Mhangaza na mkimbizi, kwa sababu lugha zetu ni ndugu. Anachosema mtu wa ng'ambo ya mto nakielewa bila mkalimani, na yeye ananielewa. Jirani yangu, fundi baiskeli, alisimamishwa kizuizini, akataharuki, akajibu kwa Kihangaza. Aliketishwa chini pamoja na wakimbizi mpaka mwenyekiti wa kijiji alipokwenda kumtetea jioni. Wiki hiyohiyo mimi niliulizwa swali lilelile, nikajibu kwa Kiswahili cha darasani, L na R kila moja mahali pake, nikapita. Basi tangu siku hiyo Kiswahili kikawa kitambulisho changu. Nilikivaa nikitoka nyumbani pamoja na viatu. Kambini sikutamka neno la Kihangaza, hata nilipotukanwa na kulielewa tusi lote.

Kazi ilinipata kwa njia ya kamera. Shirika moja lilikuwa linakusanya watoto waliopotezana na wazazi wao njiani, likatafuta mtu wa kuwapiga picha. Wengi walikuwa wadogo mno kutaja majina yao, au walitaja majina ya nyumbani ambayo hayamsaidii mtu kutafuta. Mpango ulikuwa rahisi. Kila mtoto angepigwa picha akiwa ameshika kibao cha namba, picha zingebandikwa kwenye mbao kubwa karibu na mahali pa mgawo wa chakula, na kila aliyepoteza mtoto angepita akiangalia. Akimtambua anamwambia karani namba, na mtoto anatolewa kwenye hema la malezi.

Niliifanya kazi ile kwa fahari. Niliomba watoto waoshwe nyuso na kupakwa mafuta. Nilileta shati jeupe lenye kola, nikalibana kwa pini mgongoni kama lile koti, nikawavalisha mmoja baada ya mwingine. Nilitundika shuka nyuma yao. Halafu nikasema maneno yangu. Na lazima nikiri jambo hili: sijapata kuwa na wateja kama wale. Mtu mzima utamwambia asipepese mara tano. Watoto wale niliwaambia mara moja tu, "Tulia, nikupige," wakatulia mpaka nikasikia saa yangu ya mkononi. Macho mbele, mabega yamepanda, hata inzi akitua shavuni hawamfukuzi. Nilisafisha filamu mwenyewe studio, katika chumba nilichoziba madirisha kwa mablanketi, na picha zilipoanza kujitokeza kwenye dawa nilijipongeza. Hakuna iliyotikisika.

Hema lilikuwa chini ya mama mlezi, mjane, mkimbizi vilevile, mtu mzima wa kumwamkia. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba, na Kiswahili chake kikawa kimeishia karibu na hapo. Picha za kwanza nilipomwonyesha alizipanga kwenye mkeka, akazitazama sana, akasema kwa maneno machache aliyokuwa nayo, "Moja tu." Nilidhani anaomba moja. Alikuwa anasema wote wamekuwa mtoto mmoja. Nilikasirika. Nilimwambia ndivyo picha safi zilivyo, nikazikusanya.

Wiki zikapita. Watu walikuja kwenye mbao kila siku ya mgawo, wakasogea polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kidole kikifuata nyuso. Wakubwa wakubwa walitambuliwa, kwa kuwa hao waliweza kutaja majina na kijiji. Wadogo walibaki. Kulikuwa na mwanamke mmoja mrefu, amevaa sweta ya kiume ya kijani, ambaye hakungoja siku ya mgawo. Alikuja kila siku. Alimweleza mama mlezi, mimi nikiwa pembeni nikijifanya sielewi, kwamba anatafuta binti wa umri wa kuanza kung'oa meno, ambaye hakai mahali pamoja, anayeamka kabla ya kila mtu na hawaachi wengine walale. Jina lake lilikuwa la kawaida; wasichana wenye jina lile walijaa kambi nzima. Kuingia hemani bila namba ilikatazwa, basi mama mlezi alimwambia apite tena kwenye mbao. Alipita. Nilimwona akifika mwisho, akarudi mwanzo, akafika mwisho tena, kisha akafunga vizuri kitenge chake na kuondoka.

Nilimpenda mtoto yule nisiyemjua, kwa vile alikuwa anaelezwa kama ninavyoelezwa mimi. Ila nilijisemea kwamba hayupo. Mbaoni hapakuwa na mtoto hata mmoja asiyetulia.

Jumatatu moja karani alituambia kwamba Ijumaa asubuhi malori yatachukua watoto wote ambao hawajatambuliwa, yawapeleke kituo kingine, upande wa Biharamulo, mbali na kambi. Huku walikuwa wamebanana, maji hayatoshi, uamuzi haukuwa mbaya. Lakini kila mmoja wetu alijua maana yake. Mama anayepita mbaoni kila siku hataweza kupita huko.

Kesho yake, Jumanne, nilikwenda hemani kuchukua vibao vyangu. Mama mlezi alikuwa amekwenda kuchota maji. Nyuma ya hema, kwenye kivuli cha turubai, watoto walikuwa wanacheza, na kwa kuwa walikuwa wamenipa mgongo niliwaona kabla hawajaniona. Walikuwa wamepanga mstari. Mbele ya mstari mtoto mmoja alikuwa amesimama wima, kidevu juu, mikono imebana mapaja, ameshika kipande cha boksi kifuani. Na mbele yake alikuwapo msichana mdogo, kopo la mafuta ya mgawo limefunika jicho moja, mguu mmoja ukigongagonga ardhi. Ule mguu niliutambua. Ulikuwa wangu.

"Turia," akasema kwa ukali. "Nikupige."

Aliyesimama akakaza mwili wote. Msichana akangoja. Mwenzake akapepesa, na hapo msichana akashusha kopo, akamzaba kofi la shavu, si la nguvu, na mstari mzima ukaangua kicheko. Akaja mwingine, akakauka, hakupepesa, msichana akasema "Paa!" kwa mdomo, yule akaruhusiwa kwenda. Na alipokuwa anakwenda alimwambia mdogo aliyekuwa nyuma yake, kwa lugha yao ambayo ni yangu pia, asiogope, kwamba ukikauka kabisa yule bwana anakusamehe, anakumulika tu, hakupigi.

Nilibaki nimesimama kama mtu aliyegundua ametoka nyumbani na kuacha moto unawaka. Kupiga. Mimi na wewe tunapiga picha, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga hodi, na hatusikii kipigo mahali popote. Watoto wale Kiswahili walikuwa wamekiokota barabarani na vizuizini, neno hapa neno pale, na neno la kwanza mtoto analolijua katika lugha ya watu wenye fimbo ni hilo. Kwao picha ina neno lake lingine kabisa. Mimi nilikuwa nimewavalisha shati, nikawaweka mbele ya shuka, na mmoja baada ya mwingine nikawaambia watulie niwapige. Nao walitulia. Kila uso niliobandika mbaoni ulikuwa uso wa mtoto anayengoja kofi, na mama zao walikuwa wanapita hapo wakitafuta watoto wao.

Mama mlezi aliporudi na ndoo nilimvamia. Nilisema kwa Kihangaza, kwa haraka, kwa hasira ambayo haikuwa yake, nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba watoto wananiogopa. Aliweka ndoo chini.

"Kumbe unaongea," akasema.

Kisha akaniambia kwamba na yeye alidhani navitisha vitoto makusudi ili vitulie, hata walimu wa kwao walikuwa wakifanya hivyo. Tena siku nilipompiga yeye picha ya kitambulisho na yeye alijikaza. Alinisikia siku zote nasema Kiswahili, akajua ni mambo ya ofisi, na mambo ya ofisi mtu haulizi. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu ningepata cha kujibu. Kuuliza si ujinga, sawa, lakini nani angeniuliza mimi, na kwa lugha gani, nami nilikuwa nimeificha lugha yenyewe kama mtu anayeficha kidonda? Mkataa kwao mtumwa. Msemo huo nimefundishwa shuleni, kwa Kiswahili.

Filamu ya shirika ilikuwa imekwisha. Nilikuwa na moja yangu studio, ya picha thelathini na sita. Watoto ambao hawajatambuliwa walikuwa zaidi ya sitini. Karani alinikatalia kwanza, akasema picha zipo, nzuri, za nini tena? Nilimwambia zimeharibika. Alishangaa, maana alikuwa anaziona mbaoni. Nikang'ang'ana, nikarudi mara tatu, nadhani alikubali ili niache kuzunguka meza yake.

Jumatano asubuhi nilirudi bila shuka na bila shati jeupe. Nilidhani kubadilisha neno kunatosha. Kwa vile "nikupige" nimeligundua ni baya, nikamwambia wa kwanza kwa Kihangaza kwamba nataka kumchukua picha. Alisikia kuchukua tu. Alilia mpaka mama mlezi akambeba, na wengine wakajificha nyuma ya mapipa. Kwa mtoto aliyepotezana na mama yake, kuchukuliwa ni kubaya kuliko kofi. Nikajaribu kuwaambia wacheke. Wakanionyesha meno, wote kwa pamoja, macho yaleyale ya kungoja. Nilipoteza picha nne hivyo. Jasho lilinitoka, na mguu ukaanza.

Ndipo mguu ukaniokoa. Yule msichana wa kopo alikuwa anautazama. Alitoka nyuma ya pipa, akaja mpaka karibu, akatazama unavyogonga, na wa kwake ukaanza kuufuata. Nikaketi chini vumbini. Nilimwambia kwa lugha yetu kwamba leo nimechoka kuwa bwana wa kamera, kwamba yeye anaijua kazi ile kuliko mimi, basi anifotoe yeye. Nilitumia neno lao. Alifikiri. Akaenda kuleta kopo.

Alinipanga vizuri. Kidevu juu. Mikono chini. Kamera yangu niliiacha tumboni, kamba shingoni, nimeikadiria umbali kwa macho na kidole changu kiko juu ya kitufe. "Turia," akasema, "nikupige." Watoto walianza kusogea kuona. Nami, wallahi, nilijitahidi kutulia. Nilijitahidi kuliko nilivyowahi kujitahidi kanisani. Niliuona mkono wake mdogo pembeni, tayari, na mwili wangu wote ukangoja, na katika ule muda mfupi nilielewa nilichokuwa nawafanyia kwa wiki zote zile. Nikapepesa.

Kofi lilipokuwa njiani nilifyatua.

Wakacheka hata wale wa nyuma ya mapipa. Wakataka zamu. Nilipigwa makofi asubuhi nzima, na kila kofi moja likawa picha moja. Wengine sikuwahi hata kuona nimewapata, nilifyatua tu wakati wanabishana ni zamu ya nani. Filamu ilipokwisha bado kulikuwa na mstari, na sikuwaambia kwamba imekwisha. Niliendelea kupepesa, nikaendelea kupigwa, kwa sababu sikuwa na moyo wa kuwaambia wengine hawamo.

Alhamisi nilisafisha. Kwa kipimo changu cha zamani zilikuwa picha za kutupa. Zimepinda, kichwa kimekatwa hapa, bega limetoka pale, mikono imekuwa ukungu. Mzee wa Nyabusozi angenishtaki. Lakini kwenye dawa walikuwa wanajitokeza watoto thelathini na wawili, na hakuna aliyefanana na mwenzake. Nilizikausha kwenye kamba nikiwa nimesimama. Mchana huohuo nikazipeleka, mama mlezi akanitajia nani ni nani, nikazibandika kila moja chini ya ile ya zamani yenye namba yake.

Ijumaa asubuhi malori yalikuwa yamekwisha kufika, injini zinanguruma. Watu wengi walikuwa wamekuja tangu alfajiri, habari zilienea kwamba kuna picha mpya, na kwenye mbao kulikuwa na msukumano. Watoto watano walikuwa wametambuliwa kabla ya malori kuanza kupakia. Mwanamke wa sweta ya kijani alikuja wakati wake uleule. Alianzia kushoto kama kawaida, kidole juu ya nyuso. Nilimfuata kwa nyuma, sijui kwa nini, labda kwa kuwa nilikuwa siwezi kusimama mahali pengine. Alifika kwenye ile iliyotikisika kuliko zote, kopo limeshuka, mdomo umevutwa upande, mkono unakuja. Kidole kikasimama.

"Anataka kuniamsha," akasema.

Hakumwambia mtu. Aliendelea kuitazama, na ni baadaye tu, kipande kwa kipande, alipomweleza mama mlezi kwamba kila alfajiri binti yake alimwamsha kwa kofi la shavu, na kwamba alikuwa akimgombeza kwa hilo, na kwamba tangu wapotezane huamka mwenyewe muda uleule na kungoja.

Mama mlezi alikwenda kumtoa kwenye foleni ya malori. Nilitegemea mtoto atakimbia. Hakukimbia. Alipomwona yule mwanamke alisimama wima, kidevu juu, mikono imebana mapaja, kama nilivyomfundisha. Nilitaka kupiga kelele. Mama yake alisogea, naye pia alikuwa anaogopa, nadhani, kwamba amekosea. Akapiga magoti vumbini. Akafumba macho, akalaza kichwa upande, shavu juu, akakaa hivyo kama mtu aliyelala. Malori yalinguruma. Karani aliita namba nyingine. Mtoto alitazama lile shavu kwa muda mrefu sana, halafu mguu wake ukaanza kugonga, halafu akalipiga kofi.

"Nimeamka," mama yake akasema.

Sina la kuongeza hapo. Nililia, kila mtu aliyekuwapo alilia, na karani akatafuta kitu kwenye droo.

Ila utaratibu ni utaratibu. Kwenye jalada la mtoto ilikuwapo ile picha ya kwanza, ya shati jeupe, na mama alitakiwa kuithibitisha. Karani akampa. Mwanamke aliishika mbali, akaisogeza karibu. Binti yake alikuwa mgongoni kwake tayari, amefungwa kitenge, mkubwa mno kubebwa.

"Huyu simjui," akasema.

Karani akamwonyesha namba. Akamwonyesha sikio, akamwonyesha paji la uso. Mwanamke akatikisa kichwa kwa adabu, akaiweka mezani, akasema mtoto huyo naye atakuwa na mama yake, basi waendelee kumtafuta. Karani alitia saini kwa niaba yake. Picha ikabaki mezani, nikaichukua.

Malori yaliondoka. Waliokuwamo ni wale ambao picha zao mpya hazikupata mtu, na wale ambao filamu iliishia kabla ya zamu yao. Baada ya wiki mbili nilinunua filamu mbili, nikapanda basi, nikabadilisha Nyakanazi, nikafika kile kituo cha upande wa Biharamulo. Baadhi niliwakuta, nikakaa nao chini, nikapigwa makofi. Wengine walikuwa wamekwisha kuhamishwa tena na hakuna aliyeweza kunieleza vizuri ni wapi. Nyuso zao ninazo, zimetulia kabisa. Naweza kukaa siku tatu bila kuzifikiria, siku ya nne nainuka kwenye kiti na kwenda nje bila kujua ninachokifuata.

Niliendelea na studio miaka mingi. Nilitupa koti. Mteja akikaa kwenye stuli nilimuuliza kwa Kihangaza habari za mbuzi wake, au kesi ya mpaka wa shamba, na katikati ya jibu nikafyatua. Wengine walilalamika kwamba nimewatoa mdomo wazi. Mama yangu nilimpiga upya, akiwa anaeleza jinsi nilivyokuwa msumbufu kanisani, na hiyo ndiyo tuliyoiweka juu ya jeneza lake. Sikumwambia mtu yeyote tena atulie.

Ile ya shati jeupe niliitundika ukutani, upande wa kioo. Wateja huitazama wakijichana, na mara nyingi huisifia. Mtoto ametulia kweli huyu, wanasema, umemwezaje? Wa nani? Nami huwajibu kama nilivyomsikia mama yake akijibu. Simjui.